Kukagua fibaglasi kwa mikrowevu: chunga umbali wa antena

Ukigonga tangi la fibaglasi kwa sarafu, mlio mzito unakuonyesha kwamba matabaka yameachana. Upana wa uwazi huo, au kama umeshaingia maji, masikio hayawezi kuupima. Hapo ndipo kamera ya mikrowevu ya kushika mkononi inapofaa: mawimbi yake hupenya fibaglasi, plastiki, povu, keramiki na mbao kavu, na sehemu yake hurudi kila yanapokuta kitu tofauti njiani. Maji hurudisha mawimbi kwa nguvu, ndiyo maana unyevu huonekana upesi. Chuma hakipenyeki, na nyuzi za kaboni nazo huyazuia.

Washa kifaa robo saa kabla ya kazi, maana kikiwa baridi vipimo vyake huyumba. Pima kwanza bamba la chuma lililonyooka, kisha kipande cha fibaglasi ya aina na unene uleule, kilichotobolewa kwa nyuma tundu unalojua kipimo chake. Tundu hilo lisipoonekana, usianze ukaguzi.

Kinachoharibu picha nyingi ni mkono. Kwenye gigahezi 24, wimbi lina urefu wa milimita 12.5 hewani. Antena ikiinuka milimita moja tu, wimbi limeongezewa milimita mbili, kwenda na kurudi, na fezi, yaani mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake, imehama karibu nyuzi 58. Mhamo huo unatosha kuchora doa mahali pazima kabisa, na mtu akaja kukata tangi lisilo na ugonjwa! Fungia antena magurudumu ya plastiki yanayogusa uso muda wote. Pasipo magurudumu, tandika karatasi ya plastiki yenye unene mmoja na uteleze juu yake. Chukua kipimo kila baada ya milimita 3 au pungufu. Ukiruka zaidi ya hapo, kasoro ndogo zinapotea.

Ukiona doa, pita tena ukitokea upande mwingine. Kasoro ya kweli hubaki palepale kwenye tangi, ilhali doa la mkono huhama au hufutika. Kisha geuza antena nyuzi 90, kwa sababu ufa mwembamba unaweza kujificha kabisa ukilala vibaya dhidi ya mwelekeo wa wimbi. Nguvu inayotoka ni ndogo mno, kwa hiyo huhitaji kuhamisha watu kama kwenye eksirei.

Doa likibaki, lizungushie chaki na ulipime kwa ultrasaundi kabla msumeno haujaguswa.