Usifomati kwanza: tunayodanganyana kuhusu kompyuta yenye Windows na Linux ikigoma kuwaka

Kuna kitu kinaniudhi. Mtu ana kompyuta moja yenye Windows na Linux, siku hiyo anaiwasha inapitiliza moja kwa moja Windows, ile menyu ya kuchagua haipo, akiuliza tu anaambiwa "piga chini zote anza upya". Yaani afomati, kwa tatizo la dakika tano! Na mimi nilishawahi kusikiliza ushauri wa hivyo, nikafuta mafaili ambayo hayakuwa na shida yoyote, shida ilikuwa njia ya kuyafikia tu. Kwa hiyo nikionekana mkali humu mnivumilie.

Dhana: "Windows imejiapdeti imefuta Linux yangu."

Karibu kila mara haijafuta kitu. Mashine za sa hivi zinatumia UEFI (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya mfumo wowote) na sio BIOS ile ya zamani, ingawa wote bado tunaiita BIOS na hata mimi humu nitaiita hivyohivyo. Kwenye diski kuna kipatisheni kidogo (kipande cha diski kilichotengwa) cha FAT32 kinaitwa ESP, Windows ikikitengeneza yenyewe mara nyingi kinakuwa MB 100 tu, na humo kila mfumo una folda yake: EFI/Microsoft, EFI/ubuntu, EFI/fedora. Ni kama wapangaji wa nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Halafu kwenye mazabodi kuna orodha fupi inayosema nani aanze, na apdeti kubwa ya Windows ikipita kinachoguswa kwa kawaida ni hiyo orodha, Windows inajisogeza mbele ya foleni. Chumba cha Linux kiko vilevile na funguo zake.

Kuhakikisha ni rahisi. Zima, washa, gonga F12 (nyingine F9, F8 au Esc, inategemea mashine) mpaka menyu ya mashine yenyewe itokee. Ukiona jina la Linux yako pale, shusha pumzi, ichague, ingia, fungua terminali andika:

sudo efibootmgr

Utaona kitu kama hiki:

BootCurrent: 0003
BootOrder: 0000,0003
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0003* ubuntu

Umeona? 0000 ndo Windows na imewekwa mbele. Unaigeuza: sudo efibootmgr -o 0003,0000 (weka namba za kwako) halafu unaristati. Basi, imeisha. Kuna mashine kaidi, unapanga na yenyewe inapangua, hizo ingia kwenye setingi za BIOS upange kulekule.

Dhana: "Andika bootrec /fixmbr, inatibu kila kitu."

Hii amri ya kurekebisha Windows ndo panadol ya mafundi wa mtandaoni, kila ugonjwa wanaandika hiyohiyo. MBR ni ile sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512: baiti 446 za kodi ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ni alama. Kwenye mashine ya UEFI yenye diski ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni badala ya ule wa MBR) ile kodi hata haisomwi wakati wa kuwaka, kwa hiyo unairekebisha kisha unashangaa mbona hali ni ileile. Ukija kwenye bootrec /fixboot mara nyingi unajibiwa "Access is denied" na hapo ndo mtu anakata tamaa anachukua fleshi ya kufomatia.

Kama kweli Windows ndo imepoteza njia yake kwenye UEFI, dawa ni bcdboot, amri inayoandika upya faili za kuwashia Windows. Ingia kwa fleshi ya Windows, fungua Command Prompt, diskpart, list vol, tafuta ile volyumu ndogo ya FAT32, ichague kwa namba yake (mfano select vol 3), assign letter=S, exit. Halafu: bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ila angalia, ukiwa ndani ya fleshi herufi zinahamahama, C ya huku inaweza isiwe C unayoijua, piga kwanza dir C:\ uone kama folda ya Windows ipo kweli. Na ikimaliza Windows itakuwa imejiweka mbele tena, kwa hiyo rudi kwenye efibootmgr hapo juu.

Sasa kwa mashine ya zamani isiyo ya UEFI ni balaa jingine, kule mlango ni mmoja tu, ukipiga /fixmbr unakuwa umefuta kipande cha kwanza cha GRUB (programu ya Linux inayoleta ile menyu ya kuchagua mfumo) kabisa na menyu inapotea. Linux bado ipo, ila umeing'oa kengele ya mlangoni mwenyewe.

Dhana: "Ukiona grub rescue> diski imekufa."

Hapana jamani. Hiyo ni GRUB yenyewe inaongea na wewe, ingekuwa diski imekufa ingekuambia na nani? Inachosema ni kwamba kipande chake cha kwanza kimewaka ila kinatafuta mwenzake kwenye folda ya /boot/grub hakimwoni pale alipozoea kumkuta.

Mimi ilinikuta kwenye mashine ya zamani yenye diski ya MBR. Nilikuwa na patisheni namba 5 ya data tu na namba 6 ndo Linux, nikiwa Windows nikaona hii 5 siihitaji nikaifuta, nikaristati kwa raha zangu:

error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>

Kumbe kwenye MBR zile patisheni za ndani, kuanzia 5, zinahesabiwa kwa foleni. Ukimtoa wa 5, wa 6 anasogea anakuwa 5. GRUB bado inagonga mlango wa 6 na hakuna mtu. Nikaandika ls ikanipa majina kama (hd0,msdos1) na (hd0,msdos5), nikapiga ls (hd0,msdos5)/ nikaona bin, boot, etc, home... vitu vyangu vyote hivi hapa, vinanitazama. Basi:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu ikatokea. Ila hiyo ni ya muda, ukizima inarudi kulekule, kwa hiyo ukishaingia Linux unapiga sudo grub-install /dev/sda kisha sudo update-grub. Ni sda tupu, diski nzima, sio sda5, hapo wengi wanateleza. Na kama wewe unaona grub> bila neno rescue, una bahati zaidi, hiyo ina akili zake zote, imekosa faili la menyu tu, jaribu configfile (hd0,gpt5)/boot/grub/grub.cfg ukiweka namba ya patisheni yako.

Dhana: "Windows haipo kwenye menyu ya GRUB, basi imefutika."

Kuanzia GRUB 2.06 ya mwaka 2021 ile programu ya kutafuta mifumo mingine, os-prober, inakuja ikiwa imezimwa kwa sababu za kiusalama, na distro (aina za Linux, kama Ubuntu au Fedora) nyingine zimeiacha hivyo. Fungua /etc/default/grub, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, piga update-grub, au kama distro yako haina hiyo, grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg. Windows itajitokeza yenyewe.

Dhana: "Linux haiwezani na Secure Boot, zima tu."

Secure Boot ni ule ulinzi wa mashine unaokataa kuwasha programu isiyo na saini inayoiamini. Ilikuwa hivyo zamani. Ubuntu, Fedora, na Debian tangu toleo la 10 la 2019, zina programu ndogo inaitwa shim ambayo imesainiwa na Microsoft, inakaa mbele ya GRUB na mashine inaikubali. Tatizo linakuja shim au GRUB yako ikipitwa na wakati. Agosti 2024 Microsoft walitoa apdeti iliyofungia butiloda (programu za kuwashia mfumo, kama shim na GRUB) za zamani zenye mashimo, ikawapiga hadi watu wenye mifumo miwili ambao walitakiwa warukwe, wakawa wanaona "SBAT self-check failed: Security Policy Violation" na mashine inazima. Watu walifomati kwa ajili ya hiyo! Wakati njia ilikuwa kuzima Secure Boot kwa muda, kuingia Linux, kupiga sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuristati uingie tena Linux mara moja, halafu unaiwasha.

Lakini kabla hujagusa hiyo swichi, na hapa nakuomba sana, angalia kama Windows yako ina BitLocker, ile kufuli inayoficha data yote ya diski. Ukibadilisha Secure Boot, BitLocker inaweza kuona kama mashine imechezewa ikakudai funguo ya tarakimu 48. Kama huna hiyo funguo hapo ndo data inaondoka kweli, wala sio utani, hakuna fundi wa kuirudisha. Na mashine nyingi za Windows 11 zimejifungia zenyewe bila mwenyewe kujua. Tafuta funguo kwenye akaunti yako ya Microsoft, iandike kwenye karatasi, simamisha BitLocker kwa muda, ndo uendelee.

Dhana: "Nimeweka diski mbili, kila mfumo na yake, mimi niko salama."

Labda. Kuna instola za Linux ukiwaambia weka kwenye diski ya pili wanaweka mfumo huko, ila butiloda wanaitupa kwenye ESP ya diski ya kwanza. Siku unachomoa ya kwanza, ya pili nayo haiwaki. Ukiweza ichomoe ya Windows wakati unainstoli.

Dhana: "Fleshi ni fleshi, ikiwaka inatosha kurekebishia."

Fleshi moja inaweza kuwaka kwa namna mbili, UEFI au ile ya kizamani, na ukiiwasha kizamani huku mfumo wako ni wa UEFI, efibootmgr itakugomea na grub-install itakupa makosa ya ajabuajabu. Piga ls /sys/firmware/efi. Ikisema hakuna folda hiyo, ristati, kwenye F12 chagua fleshi ileile ila ile iliyoandikwa UEFI mbele yake.

Dhana: "Linux inakwama dakika nzima halafu inaleta skrini nyeusi ya maandishi, kernel imeharibika."

Soma yale maandishi kabla hujalaani. Kama kuna mstari wa "A start job is running for" ikifuatiwa na jina refu la diski na saa inayohesabu mpaka 1min 30s, hiyo ni Linux inasubiri patisheni ambayo wewe mwenyewe uliifuta au kuifomati juzi ukiwa Windows, na patisheni ikifomatiwa inapata UUID (namba ya utambulisho) mpya. Ikichoka kusubiri inakutupa emergency mode. Weka paswedi, andika nano /etc/fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa wakati wa kuwaka), linganisha na majibu ya amri ya blkid inayoonyesha UUID zilizopo, na ule mstari ambao UUID yake haipo tena weka # mwanzoni. Ikikataa kusevu, piga kwanza mount -o remount,rw / halafu rudia. Ctrl+O, Enter, Ctrl+X, reboot.