Matundu Yako Kwenye Ngozi Tu

Mgema ameanguka mnazini, amevunjika uti wa mgongo, amelazwa, na kabla sijazitazama picha zake vizuri kaka yake ameshaniambia: "Daktari, ndugu yangu msimpasue. Mfanyieni ile ndogo, ile ya matundu." Ombi hili nimelisikia kwa watu wa Kisauni, wa Likoni na wa Mtwapa, kwa jamaa za wagema na za waendesha bodaboda, nami nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama koridoni.

Matundu yako kwenye ngozi tu. Mgonjwa hulazwa kifudifudi chini ya nusu kaputi, sindano nene huongozwa kwa eksrei hadi kwenye pedikeli, yaani shingo fupi ya mfupa upande wa nyuma wa pingili, waya hutangulia na skrubu hufuata juu yake. Skrubu ni zilezile za upasuaji wa wazi, zenye unene wa milimita 6 hivi na urefu wa milimita 40 hadi 50, na hupita karibu na neva vilevile. Kinachopungua ni kuchunwa kwa misuli, na kwa hiyo hupungua damu inayomwagika, hatari ya maambukizi na maumivu ya siku za mwanzo. Hizo ni faida za kweli. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja au miwili wagonjwa wa njia zote mbili huwa wanakaribiana sana, na kwa kuwa hatuoni kwa macho tunalazimika kupiga eksrei nyingi zaidi, tukiwa tumevaa aproni za madini ya risasi ambazo kiyoyozi kikigoma mwezi Machi huwa adhabu.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba udogo wa kidonda unageuzwa kuwa sababu ya kupasua. Swali la kwanza ni kama mgonjwa anahitaji upasuaji wowote. TLICS, mizani ya kupima majeraha ya pingili za kifua na kiuno iliyotolewa mwaka 2005, hutoa alama kwa umbo la mvunjiko, hali ya neva na hali ya kano za nyuma zinazofunga pingili: jumla ikiwa 3 au chini hatupasui, ikiwa 5 au zaidi tunapasua, na ikiwa 4 uamuzi ni wa daktari. Pingili ya kumi na mbili ya kifua iliyopasuka vipandevipande hupata 2. Miguu ikiwa na nguvu zote na kano zikiwa nzima, hakuna kinachoongezeka, na mtu huyo anaweza kupona kwa dawa za maumivu na kutembea mapema, hata kama picha ya CT inaonyesha kipande kimeingia kwenye mfereji wa neva. Kipande hicho ndicho kinachowatisha jamaa, ilhali neva zikiwa salama mwili wenyewe hukimeng'enya taratibu kwa miezi mingi.

Sasa chukua mvunjiko uleule bila kipimo cha MRI, ambacho ndicho huonyesha kano, kwa sababu familia haina fedha zake. Kano "zinashukiwa" kukatika, alama 2 zinaongezeka, na tumefika 4. Yaani umaskini wa familia umempandisha mgonjwa kwenye mizani, na hapo, nakiri, madaktari wawili wazuri wanaweza kuamua tofauti na wote wakawa na haki.

Utafiti wa Wood na wenzake wa mwaka 2003 ulilinganisha upasuaji na matibabu bila upasuaji kwa mivunjiko ya aina hii isiyogusa neva, na haukuona faida ya kupasua. Walipofuatiliwa tena, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, waliotibiwa bila kisu ndio waliokuwa na maumivu machache kuliko waliopasuliwa. Watetezi wa matundu hujibu kwamba upasuaji ule ulikuwa wa wazi na wa kuunganisha pingili. Ni hoja nzuri, lakini haijanitosha kumpasua mtu anayetembea.

Kwa upande wa pili yuko mgonjwa ambaye miguu imelegea na mfupa unakandamiza neva. Huyu mara nyingi lazima afunguliwe ili neva zipate nafasi, na skrubu za kupitia matundu peke yake hazimtoshi. Nikisema hivyo naambiwa tunafungua kwa sababu hatuna mashine za njia ya matundu. Mashine tunayo.

Kuhusu saruji ya mifupa inayodungwa kwenye pingili za wazee nitasema machache: mwaka 2009 tafiti mbili zililinganisha sindano ya saruji na sindano ya kuigiza isiyo na saruji, na maumivu yakapungua sawasawa. Bado huitumia kwa wachache, wale ambao mvunjiko ni mpya na maumivu yamewazuia hata kukaa.

Jambo ambalo sina hakika nalo ni kuzitoa skrubu baadaye. Kwa kijana anayetaka kurudi kugema huwa nashauri zitolewe baada ya mwaka hivi, mfupa ukishaunga, ili viungo vya pingili vilivyofungwa visikakamae. Kwa mzee huziacha zisipomsumbua. Wako wenzangu wanaofanya kinyume, na sina ushahidi wa kuwashinda.