Je, wajua? Sungura wa maabara hakuchaguliwa kwa sababu ngozi yake inafanana na yetu

Ukiingia duka lolote linalouza vitu vya kutengeneza sabuni ya maji, iwe Kisumu upande wa Kibuye ama Nakuru mjini, utapata jerikeni zimepangwa mpaka mlangoni: Ungerol, salfoniki, kostiki soda, rangi, manukato. Zile ambazo bado ziko na lebo ya kiwandani huwa na kialama cha almasi yenye mpaka mwekundu, ndani kuna alama ya mshangao, ama picha ya mkono unaomwagikiwa na kitu kinachoula. Watu wengi hawaangalii, wanauliza tu lita ni ngapi. Lakini kwa kemikali nyingi zilizokuwa sokoni kabla ya miaka ya juzi, ile alama ya mshangao ilitoka kwa mgongo wa sungura mweupe aliyenyolewa, na mtu akisikia hivyo swali la kwanza ni mbona sungura, na mbona sio panya ama mbuzi.

Jibu ambalo karibu kila mtu hukupea, hata watu wa sayansi, ni kwamba ngozi ya sungura inafanana na ya binadamu. Lina mantiki, linasikika vizuri, na si kweli. Kusema ukweli linakaribia kuwa kinyume kabisa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Sungura anayetumika sana ni New Zealand White, yule yule mweupe wa macho mekundu ambaye wafugaji wa Njoro na Bahati wanamfuga kwa nyama, na siku hizi pia kwa mkojo, maana mkojo wake unauzwa kwa mtungi kama mbolea ya kupulizia majani. (Halafu jina lisikudanganye, aina hii ilizalishwa Marekani.) Ukimshika ukampapasa utaona ile kitu ya kwanza inayomtofautisha na wewe: manyoya, manyoya, manyoya. Kila unywele una shimo lake kwenye ngozi, kwa hivyo ngozi yake imejaa vishimo kwa kiwango ambacho mgongo wako haujawahi kuota. Na ile ngozi katikati ya vishimo ni nyembamba, kwa sababu mnyama mwenye koti zito namna hiyo hahitaji ngozi ngumu.

Kama shida ingekuwa kutafuta mnyama mwenye ngozi kama yetu, mshindi angekuwa nguruwe. Manyoya machache, ngozi nene kiasi, na imeshikana na mafuta ya chini kama yetu, ndio maana madaktari wa majeraha ya moto wameshatumia ngozi ya nguruwe kufunika kidonda kwa muda. Lakini sasa fikiria wewe ndio fundi wa maabara. Nguruwe mzima ana kilo zaidi ya mia, anapiga kelele, anakula kama shule ya bodi, na unataka akae na kitambaa chenye kemikali mgongoni kwa muda wa saa 4 bila kujikuna kwa ukuta. Sungura anatulia, ni rahisi kumlea, anazaa haraka, mgongo wake ni mpana wa kutosha kuweka viraka kadhaa, na ngozi yake ni nyeupe, kwa hivyo ikipata wekundu kidogo tu unauona. Hizo ndizo sababu: upole, gharama, nafasi ya mgongo, na rangi.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure ambayo ilipofusha wanawake huko Marekani, na mmoja akafa. Mwaka 1938 Marekani ikapitisha sheria kali zaidi ya vyakula, dawa na vipodozi. Mwaka 1944 John Draize, aliyekuwa mtaalamu wa sumu kwenye ile mamlaka yao ya chakula na dawa, akachapisha pamoja na wenzake njia ya kupima kemikali kwenye ngozi na macho ya sungura na kuipatia alama. Jina lake likabaki kwenye kipimo mpaka leo.

Kipimo cha ngozi, kwa mwongozo nambari 404 wa OECD (shirika la nchi zilizoendelea linalotoa miongozo ya kupima kemikali) ambao ulitoka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa, kinaenda hivi. Sungura ananyolewa mgongo siku moja kabla. Nusu gramu ya unga, ama nusu mililita kama ni ya majimaji, inawekwa kwenye eneo la sentimita 6 mraba hivi, inafunikwa na kitambaa chepesi cha kufungia vidonda (gauze), inakaa saa 4, inatolewa. Halafu mtu anaangalia. Anaangalia baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na kama kuna kitu hakijapona anaendelea mpaka siku ya 14. Wekundu unapewa 0 mpaka 4, uvimbe 0 mpaka 4. Wastani wa wekundu ama wa uvimbe ukifika 2.3 kwa sungura wawili kati ya watatu, kemikali inaitwa ya kuwasha ngozi na ile alama ya mshangao inaingia kwa lebo.

Sasa kwa nini vishimo na wembamba ni jambo kubwa hivyo? Chukua ngozi yako kama paa la mabati. Safu ya juu kabisa ya ngozi ni seli zilizokufa zimelaliana na kuzibwa na mafuta katikati, unene wake ni kama maikromita 10 mpaka 20 (maikromita elfu moja ndio milimita moja) kwa sehemu nyingi za mwili, na kazi yake ni moja tu, kuzuia vitu kuingia na maji kutoka. Wewe una paa la geji 28, misumari michache, imepigwa vizuri. Sungura ana geji 32, bati jembamba zaidi, na misumari imepigwa kila mahali. Mvua ikinyesha nyumba zote mbili, ni ya nani itavuja? Na kumbuka bati lenyewe halijaharibika. Kemikali ya kuwasha haili paa, inapenya tu, na ikishafika ndani ndio seli hai zinaanza kupiga nduru: zinatoa vijumbe, mishipa ya damu inapanuka, maji yanajaa, na kwa nje unaona wekundu na uvimbe. Kile fundi anachopima kwa jicho ni mafuriko ya ndani ya nyumba. Kwa hivyo sungura akivimba, sehemu ya habari ni kuhusu kemikali na sehemu nyingine ni kuhusu geji ya paa lake.

Kostiki soda ni hadithi nyingine, hiyo inakula bati lenyewe. Kwenye ngozi inafanya kazi ile ile inayofanya kwenye pipa la fundi wa sabuni, inageuza mafuta kuwa sabuni, tofauti ni kwamba safari hii mafuta ni yako. Ndio ile picha ya mkono unaoliwa. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: kemikali yenye pH ya 2 kushuka chini (asidi kali), ama 11.5 kwenda juu (alkali kali kama kostiki), mwongozo wenyewe unasema usiiweke kwa mnyama, ichukulie tu kwamba inachoma. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kila jerikeni pale dukani ina sungura wake, hapana, kuna zile ambazo karatasi ya pH inatosha kuzihukumu.

Paa kuvuja zaidi kunaonekana hata kwa namba. Utafiti mmoja uliochapishwa 2010 ulichukua kemikali ambazo sungura walikuwa wameshasema ni za kuwasha, 16, zikawekwa kwa ngozi za watu waliojitolea kwa saa 4 zile zile. Zilizowasha watu vya kutosha zilikuwa 5. Tano! Lakini usikimbie na hiyo namba ukasema sungura anakosea mara mbili kwa kila tatu, kwa sababu orodha ilikuwa fupi na kemikali zilichaguliwa, hazikuokotwa ovyo. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba sungura huelekea kupayuka kuliko kunyamaza. Kuna wanaoona hiyo ni sawa, afadhali lebo ikutishe bure kuliko ikudanganye, na sioni kama ni hoja mbaya, ila tu hiyo si sawa na kusema ngozi zinafanana.

Na kuna lile suala la jicho la fundi. Wekundu wa 2 na wekundu wa 3 vinatofautiana vipi hasa? Mwaka 1971 watafiti Weil na Scala walichapisha matokeo ya kupeleka kemikali zile zile kwa maabara zaidi ya 20, za ngozi na za macho, na majibu yaliyorudi yalitofautiana vibaya, maabara moja inasema kali, nyingine inasema hakuna shida. Kemikali ni zile zile, njia ya kupima ni ile ile, na jicho la binadamu ni sehemu ya tofauti hiyo.

Tukiwa kwa macho, tumalize ile ingine pia, ati sungura anatumika kwa sababu hana machozi. Anayo. Ni machache na anapepesa macho kwa nadra sana, kwa hivyo kemikali haisafishwi haraka, lakini kusema hana kabisa ni maneno ya mtaani tu. Kipimo cha macho ndicho kilichowasha moto wa kisiasa mwaka 1980, wakati mwanaharakati Henry Spira alilipia tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times kuuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo.

Kuna kitu kingine sungura huyu hapimi na watu humsingizia, nayo ni aleji. Watu wa Molo na Kuresoi ambao familia zao zimechuma pareto wanajua kuna mtu anachuma miaka bila shida halafu siku moja mikono inaanza kutoka vipele, na tangu hapo akigusa tu maua inarudi. Hiyo si kuwashwa kwa kawaida, ni kinga ya mwili imekariri kitu fulani kwenye maua na sasa inakipigana, na kemikali inayoleta hivyo inaweza kuwa pole kabisa siku ya kwanza. Saa 4 za sungura haziwezi kuiona. Kwa hiyo kazi walitumia simbilisi (guinea pig) na baadaye panya wadogo.

Leo kwa sehemu kubwa sungura wa ngozi amepumzishwa, angalau kwa karatasi. Ulaya ilifunga kabisa soko la vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, na kwa kemikali za viwandani sheria yao ilibadilishwa 2016 ili vipimo vya nje ya mnyama viwe vya kwanza. Kwetu Kenya, Sura ya 360 ya sheria, kuhusu ukatili kwa wanyama, inataka leseni kabla ya kumfanyia mnyama majaribio. Kilichochukua nafasi ni ngozi ya binadamu iliyooteshwa kwa kikombe kidogo. Mbegu ni seli zilizobaki baada ya upasuaji, na kwa aina moja maarufu, EpiDerm, ni ngozi ya govi la watoto wachanga waliopashwa tohara. Watu wa Bungoma, ambao Agosti za mwaka wa shufwa mnajua shughuli yake, mnaweza kucheka kidogo, lakini ni kweli kabisa. Kemikali inadondoshewa juu, inaoshwa, wanangoja karibu siku mbili, kisha wanaweka rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikishuka mpaka nusu ama chini yake ukilinganisha na ngozi ambayo haikuguswa, kemikali inawasha. Mashine inasoma rangi, hakuna jicho la mtu.

Utadhani hapo sungura ametoka kwa hadithi. Bado. Neno "ya kuwasha" kisheria lilikuwa limeshafafanuliwa kwa alama za sungura, ile 2.3, kwa hivyo njia mpya ilipotaka kukubaliwa ilibidi ionyeshe inakubaliana na sungura. Ngozi ya binadamu ilifanyiwa mtihani na jibu la kusahihishia lilikuwa la mnyama ambaye paa lake linavuja. Ule utafiti wa 2010 uliposhindanisha zote na watu halisi, ngozi ya kikombe ilikubaliana na watu kwa asilimia 70 na zaidi, sungura 56.

Na hata hao watu halisi, wekundu ndio unaangaliwa. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, unaona tu imekuwa nyeusi zaidi, imekauka, ama inatoka magamba, kwa hivyo ile skeli ya 0 mpaka 4 ilitengenezwa na mtu ambaye hakuwa akiwaza mikono ya mtaa wa Nyalenda, Kisumu.

Halafu kuna saa 4. Kipimo chote hiki, cha mnyama na cha kikombe, ni cha kuguswa mara moja. Mama fua anayeosha nguo nyumba tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, na sabuni ambayo ilipita kipimo vizuri, vidole vyake hupasuka kwa sababu mafuta ya ile safu ya juu yanatolewa kidogo kidogo na hayapati muda wa kurudi. Mfumo wa kimataifa wa lebo hauna alama ya hiyo. Ulaya wameongeza sentensi yao, EUH066, inayosema kugusa mara kwa mara kunaweza kukausha ama kupasua ngozi, ila imeandikwa kwa maneno tu bila picha, na kwa jerikeni iliyojazwa upya mara ya tano hata lebo yenyewe haipo.