Kwa nini amplifaya ya valvu huogopa kuachwa bila spika?

Weka amplifaya mbili za besi kando kwa kando, moja ya transista na nyingine ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Ziwashe zote mbili, halafu zichomoe spika. Ya transista haitajali, hata ukiiacha hivyo hadi kesho. Ya valvu, ukipiga nyuzi kwa nguvu huku umefungulia sauti, inaweza kujiharibu ndani ya muda mfupi, na kinachoungua huenda kikawa kifaa cha bei kubwa kuliko vyote vilivyomo. Sasa fanya kinyume: ziache waya mbili za spika zigusane. Safari hii ya transista ndiyo iliyo hatarini, nayo ya valvu mara nyingi hunusurika, mradi usiiache hivyo kwa muda mrefu.

Ajabu, kwa sababu kazi yao ni moja. Jibu limo ndani ya lile donge zito la chuma na waya lililofungwa nyuma ya valvu, transfoma ya spika. Ukishaielewa hiyo, swali ambalo wapiga besi wengi huulizana kila siku, yaani boksi gani la spika liende na kichwa gani (kichwa ni amplifaya iliyotengwa na boksi lake), hujijibu lenyewe kwa sehemu kubwa.

Tuanze na valvu. Valvu hupenda volteji kubwa na mkondo mdogo. Katika vichwa vya besi vyenye nguvu, valvu za mwisho hufanya kazi kwa volti 400 au 500, na kwenye vingine hadi 700, lakini mkondo unaopita katika kila moja huhesabiwa kwa miliampia. (Umeme huo unaua, na kapasita huendelea kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Yote ninayoeleza hapa ni ya kufanywa kutoka nje, bisibisi ibaki ilipo.) Spika nayo ina tabia tofauti kabisa. Ili spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia mkondo) ipate wati 100, inahitaji volti 28 tu, ila mkondo wake ni ampia tatu na nusu. Ukiiunga spika hiyo moja kwa moja kwenye valvu utapata mnong'ono.

Transfoma ndiyo mkalimani wao. Ndani yake mna koili mbili zilizozungushiwa chuma kimoja: ya upande wa valvu ina mizunguko mingi ya waya mwembamba, na ya upande wa spika ina mizunguko michache ya waya mnene. Umeme hauvuki kutoka koili moja kwenda nyingine. Kinachovuka ni usumaku. Tuseme uwiano wa mizunguko ni 22 kwa 1. Volteji ikifika upande wa spika imeshuka mara 22, na mkondo umepanda mara 22. Na kwa kuwa omu ni volti zilizogawanywa kwa ampia, ukinzani unageuka mara 22 kisha tena mara 22, yaani mara 484. Spika ya omu 8 ikitazamwa kutoka upande wa valvu inaonekana kama mzigo wa karibu omu 4000.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Transfoma yenyewe haina omu 8 wala omu 4000 ndani yake. Ina uwiano tu. Ukichomeka boksi la omu 4 mahali pa lile la 8, valvu zitaona omu 2000. Ukichomeka la 16, zitaona 8000. Mhandisi aliyeichora amplifaya alichagua mzigo mmoja ambao valvu zake zitaufanyia kazi vizuri, akapanga kila kitu kulingana na huo. Ndiyo maana nyuma ya vichwa vingi vya valvu utakuta matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16, au swichi ya kuchagua. Kila namba inatoka mahali tofauti kwenye koili ya transfoma ya upande wa spika, penye idadi yake ya mizunguko, ili boksi likibadilika valvu zisijue kwamba kuna kilichobadilika. Amplifaya ya transista kwa kawaida haina transfoma hiyo, ndiyo maana huandikwa tu kiwango cha chini, kwa mfano "isipungue omu 4". Juu ya hapo hupunguza wati na kuendelea na kazi.

Sasa turudi kwenye ile amplifaya iliyochomolewa spika. Koili ina desturi moja: haikubali mkondo wake kukatizwa ghafla. Nishati iliyomo katika usumaku wake lazima itoke mahali fulani. Spika ikiwepo, hutokea huko na kuwa sauti. Isipokuwepo, valvu inapokatiza mkondo, volteji ya koili huruka juu ghafla, mbali kuliko ile ya kawaida. Ni kama mtu anayeusukuma mlango kwa bega lake lote, kisha mtu wa ndani aufungue. Volteji hiyo hutafuta njia: inaweza kuruka kama cheche kati ya miguu ya valvu kwenye soketi yake, ikaacha alama nyeusi ya kaboni ambayo baadaye hupitisha umeme yenyewe, au ikatoboa varnishi inayotenganisha mzunguko mmoja wa waya na mwingine ndani ya transfoma. Tundu lisiloonekana kwa macho, na transfoma imekwisha.

Ushahidi kwamba watengenezaji walilijua hili uko kwenye amplifaya nyingi za zamani za Fender. Tundu lao kuu la spika limetengenezwa hivi kwamba likiwa tupu, vyuma vyake vya ndani hugusana na kuziunganisha waya mbili pamoja. Maana yake, kati ya kuiacha transfoma bila mzigo na kuigusanisha, walichagua kuigusanisha.

Je, ukikosea kwa mara mbili tu, boksi la 8 kwenye tundu la 4, au la 4 kwenye tundu la 8? Mabishano ya hili hayaishi. Mzigo ukiwa mdogo kuliko ulioandikwa, valvu hupitisha mkondo zaidi, hupata joto zaidi na huchakaa mapema. Mzigo ukiwa mkubwa, mkondo hupungua lakini volteji huyumba juu zaidi, na gridi za skrini, vijiwaya vilivyomo ndani ya valvu, hubeba adhabu. Amplifaya nyingi zilizotengenezwa vizuri huvumilia kosa la mara mbili kwa upande wowote, hasa kwa sauti ya wastani. Mimi nikilazimika kuchagua, huegemea upande wa mzigo mdogo, kwa sababu valvu ni kitu cha kubadilisha na transfoma si hivyo. Lakini kitabu cha mtengenezaji kikisema vinginevyo, basi kifuatwe. Kosa la mara nne halina mjadala, liache.

Kuhesabu maboksi mawili si kazi ngumu. Matundu mawili ya spika nyuma ya kichwa karibu kila mara yameungwa sambamba, yaani kila boksi hupata volteji ile ile na mkondo hugawanyika, na hata ukitoa waya kwenye boksi la kwanza ukaupeleka la pili, bado ni sambamba, ingawa kwa macho inaonekana kama mnyororo. Mawili ya omu 8 yanakuwa 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa 2. La 8 na la 4 pamoja yanakuwa takriban 2.7, namba isiyo na tundu lake, na zaidi ya hapo lile la 4 hula theluthi mbili za nguvu yote. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoifanya spika moja ilie na nyingine inong'one.

Mfano mzuri wa kichwa na boksi vilivyofikiriwa pamoja ni Ampeg SVT, iliyotoka Marekani mwaka 1969. Wati 300, valvu sita za mwisho, na boksi lenye spika nane za inchi 10, refu kiasi kwamba wanamuziki huliita friji. Katika boksi la awali kila spika ilikuwa ya omu 32, zote nane sambamba, na 32 ukigawanya kwa 8 unapata 4. Kichwa kimoja kilikusudiwa maboksi mawili, yaani omu 2, na ndiyo maana SVT ina namba 2 na 4 mahali ambapo vichwa vingine vina 8 na 16. Anayekwenda nayo akiwa na boksi moja la omu 8 atakuta hana pa kulichomeka.

Hebu chukua mita, iweke kwenye omu, ugusishe ncha zake kwenye plagi ya waya uliochomekwa upande mmoja tu kwenye boksi lililoandikwa 8. Itasoma 6 na kitu. Usidhani boksi limeharibika. Mita hupima waya wa koili iliyomo ndani ya spika ukiwa umetulia, wakati ile 8 ya kwenye lebo ni jina la jumla la kitu kinachobadilika kwa kila noti. Sukuma koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, polepole kwa vidole viwili huku ukiitazama mita, na namba itacheza: koili ikitembea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake. Umeme huo huo ndio unaofanya ukinzani wa spika uongezeke sana pale koni inapopenda kutikisika yenyewe. Kwenye boksi la besi lililozibwa, mahali hapo mara nyingi ni kati ya hezi 50 na 100 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde), na boksi la omu 8 linaweza kufika omu 30 au 40.

Jambo hili linaonekana la kitabuni mpaka uzisikie amplifaya hizo mbili kwa boksi lile lile. Ya transista hushikilia volteji yake bila kujali, kwa hiyo penye ukinzani mkubwa spika hupata nguvu kidogo, na koni inabanwa isijitikise. Ya valvu hailegezi mkondo wake kirahisi, hivyo volteji hupanda pale pale ambapo boksi linapenda kuimba. Besi inanenepa, noti inachelewa kidogo kukatika. Sehemu kubwa ya "joto la valvu" linalosifiwa ni boksi likiachiwa lifanye litakavyo. Ndiyo maana pia boksi linaloonekana kavu na safi kwa kichwa cha transista linaweza kuvuma kupita kiasi kwa cha valvu.

Sasa wati, ambazo watu huziuliza kwanza nami nimeziacha hadi sasa makusudi. Wati 300 zilizoandikwa kwenye kichwa cha valvu ni za sauti safi. Ukikikaza mpaka kikwaruze, vilele vya mawimbi hubapa, na wimbi lililobapa kabisa lina nguvu mara mbili ya wimbi la mviringo lenye kimo kile kile. Kwa hiyo anayependa mkwaruzo wa valvu atafute boksi linalobeba wati mara mbili ya kichwa, au karibu na hapo. Na hata hivyo si joto pekee linaloua spika za besi. Kwa sauti ya ukubwa ule ule, ukishuka oktavu moja, yaani hezi zikipungua nusu, koni inatakiwa kutembea mara nne zaidi. Uzi mzito wa besi, E, hutikisika hezi 41. Wa tano, B, hezi 31. Kwenye boksi lenye tundu la hewa, chini ya sauti ambayo tundu lile limepangiwa, hewa ya ndani huacha kuishikilia koni, nayo hutupwa huku na huko mpaka koili igonge chuma, na wati zilizoandikwa kwenye lebo hazijafika hata nusu. Friji lile halina tundu la hewa. Hewa iliyofungiwa ndani ni springi, na spika nane zinagawana mwendo. Hezi 41 yenyewe haitoki kwa nguvu humo, lakini sikio likipata 82 na 123 za noti ile ile huijaza lenyewe ile ya chini.

Namba ninayoitazama kabla ya wati ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo boksi hutoa kwa wati moja likisikilizwa umbali wa mita moja. Boksi la 100 na boksi la 94 yanaweza kuwa na wati zile zile kwenye lebo, ila la pili litataka nguvu mara nne ili lilingane na la kwanza. Kichwa cha valvu cha wati 50 kwenye boksi linaloitika vizuri kitakifunika cha 150 kwenye boksi zito wa kuitika, na kichwa chenye wati chache ni chepesi kubeba.

Imebaki waya. Ule wa gitaa na ule wa spika huweza kuwa na plagi zinazofanana kabisa, lakini ndani wa gitaa una uzi mwembamba uliozungukwa na kinga, haukutengenezwa kubeba ampia tatu au tano. Hupata moto, na siku ukikatika katikati ya wimbo, kichwa kinabaki bila spika huku mpiga besi akiwa bado anapiga.