Kwa nini Marekani haikutumia kura ya turufu kuizuia China Umoja wa Mataifa mwaka 1971?

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, jijini New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 76 za ndiyo dhidi ya 35 za hapana, nchi 17 zikajizuia, na kiti cha China kikahama kutoka kwa serikali ya Chiang Kai-shek iliyokuwa Taipei, kisiwani Taiwan, kwenda kwa serikali ya Beijing. Marekani iliipinga hatua hiyo hadi dakika ya mwisho. Balozi wake, George H. W. Bush, alihangaika kutafuta kura kwa wiki nyingi. Na nchi yake ilikuwa, kama ilivyo leo, na kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia uamuzi kwa kura yake peke yake. Mbona basi haikuitumia?

Jibu linalozoeleka ni kwamba Marekani iliamua kuachia. Tarehe 15 Julai mwaka ule Rais Nixon alikuwa ametangaza kwamba atazuru China, na siku ya kura mshauri wake, Henry Kissinger, alikuwa Beijing akiandaa ziara hiyo. Mambo yanaonekana kushikana vizuri. Shida ni kwamba jibu hilo linachukulia turufu ilikuwa mkononi mwa Marekani, ikaamua kutoicheza. Katika suala hili hakukuwa na turufu ya kucheza.

Kosa linaanzia kwenye sentensi inayorudiwa mara kwa mara, hata na watu makini: China ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1971. Haikujiunga. China ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, ujumbe wa China ndio uliotangulia kusaini, kwa heshima ya nchi iliyoanza kushambuliwa kabla ya wenzake. Ndani ya ujumbe ule wa serikali ya Chiang alikuwemo hata mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, Dong Biwu. Ibara ya 23 ya Mkataba iliiandika Jamhuri ya China miongoni mwa wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama, na maneno hayo hayajafutwa mpaka leo, kama ambavyo Umoja wa Kisovieti bado umeandikwa humo.

Kilichobadilika ni nani anaitawala China. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China, na kufika Desemba serikali ya Chiang ilikuwa imehamia Taiwan. Tangu hapo kukawa na serikali mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo serikali ya China nzima, na kiti kimoja.

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa mtaani. Ukoo fulani ulijiandikisha tangu kikundi kinaanzishwa; jina la ukoo limo daftarini, hisa zake zipo. Baadaye ndugu wawili wanagombana. Kaka mkubwa anafukuzwa na kwenda kupanga chumba ng'ambo ya barabara, mdogo anabaki na nyumba, mashamba na karibu watoto wote. Siku ya mkutano wanafika wote wawili, kila mmoja akisema yeye ndiye msemaji wa ukoo. Katiba ya kikundi inasema mwanachama mpya lazima apitishwe na wazee watano, na mzee mmoja akikataa, basi. Je, hapa wazee wana la kuamua? Hakuna mwanachama mpya aliyepiga hodi. Ukoo umo, kiti chake kipo. Linaloulizwa ni nani akikalie, na hilo ni la mkutano mzima, wengi wape. Mzee akitaka kulizuia kwa mamlaka yake ya kukataa wageni, itabidi kwanza adai kwamba ndugu mdogo ni ukoo mwingine kabisa. Na atakayepiga kelele wa kwanza ni kaka mkubwa mwenyewe, maana akikubali hilo amekubali pia kwamba nyumba na mashamba si vyake tena.

Umoja wa Mataifa unakwenda hivyo hivyo. Chini ya Ibara ya 4, nchi mpya inapokelewa na Baraza Kuu baada ya kupendekezwa na Baraza la Usalama, na pale kwenye pendekezo ndipo turufu inapofanya kazi. Ibara ya 6, inayohusu kumfukuza mwanachama, ina utaratibu huo huo. Lakini swali la nani anamwakilisha mwanachama aliyemo tayari ni suala la hati za utambulisho, linaloamuliwa na Baraza Kuu, na humo hakuna turufu ya mtu yeyote.

Tofauti ya milango hii miwili imeonekana kwa vitendo zaidi ya mara moja. Mwaka 1955 Mongolia iliomba kujiunga ikiwa nchi mpya, na serikali ya Taipei, ikiwa imekalia kiti cha China, ikaipigia turufu. Mongolia ikasubiri hadi 1961. Mwaka 1972 Bangladesh iliomba, na Beijing, ikiwa imekalia kiti kile kile, ikapiga turufu yake ya kwanza kabisa. Bangladesh iliingia mwaka 1974. Kisha kuna Afrika Kusini ya makaburu, mfano ninaouona wazi kuliko yote. Oktoba 1974 Kenya na wenzake katika Baraza la Usalama walitaka nchi hiyo ifukuzwe uanachama. Marekani, Uingereza na Ufaransa zikapiga turufu, hoja ikafa. Wiki mbili baadaye Baraza Kuu likashika njia ya hati za utambulisho: kwa kuwa lilikuwa limeshazikataa hati za wajumbe wa makaburu mwezi Septemba, wajumbe hao wakazuiwa kushiriki kikao. Nchi ile ile, mwaka ule ule: mlango mmoja ulifungwa kwa turufu, mwingine haukuwa na komeo.

Marekani ililijua hili mapema. Januari 1950, Wasovieti walipotaka mjumbe wa Chiang aondolewe katika Baraza la Usalama, mjumbe wa Marekani, Ernest Gross, alisema wazi kwamba nchi yake inaliona jambo hilo kuwa la utaratibu, linalohusu hati za utambulisho, na kwamba kura yake ya kupinga isihesabiwe kuwa turufu. Wakati huo ilikuwa rahisi kusema hivyo, kwa sababu kura za kushinda ilikuwa nazo. Hoja ya Wasovieti iliangushwa, wakasusia Baraza kwa miezi kadhaa, na ni katika kususia huko vita vya Korea vilipozuka na Baraza likapitisha maazimio yake bila wao kuwemo kuyapinga.

Kama turufu haikuwepo, Beijing ilizuiwaje kwa zaidi ya miaka ishirini? Kwa hesabu ya kura tu. Katika miaka ya 1950, mwaka hadi mwaka, Marekani ilipata wingi wa kuliahirisha suala lisijadiliwe kabisa. Halafu Afrika ikaanza kuingia. Mwaka 1960 peke yake wanachama wapya 17 walipokelewa, na 16 kati yao walikuwa Waafrika. Kuahirisha kukawa hakuwezekani tena. Mwaka 1961 Marekani ikabadili mbinu: ikalishawishi Baraza Kuu liamue kwamba badiliko lolote la uwakilishi wa China ni "suala muhimu" chini ya Ibara ya 18, linalohitaji theluthi mbili. Kizuizi hicho kilifanya kazi barabara. Mwaka 1970 upande wa Beijing ulipata kura 51 dhidi ya 49. Ulishinda, na bado haukupata kiti.

Kwa hiyo pambano lenyewe la 1971 lilikuwa juu ya theluthi mbili. Safari hii Marekani ilikuwa tayari Beijing iingie na hata ikalie kiti cha Baraza la Usalama, ilimradi Taipei ibaki katika Baraza Kuu. Ilipendekeza kwamba kuiondoa Taipei ndiko kuhesabiwe suala muhimu. Pendekezo hilo lilianguka kwa kura 59 dhidi ya 55, na mlango ukawa wazi. Ujumbe wa Taipei, ukiona upepo unakoelekea, ulitoka ukumbini kabla ya kura ya mwisho. Mpango wa kuwa na wajumbe wa pande mbili haukufika hata kupigiwa kura.

Hapa kuna jambo la hesabu linalofaa kutazamwa. Ukiacha waliojizuia, kura 76 na 35 jumla yake ni 111, na theluthi mbili ya 111 ni 74. Yaani azimio lilipita hata kile kiwango ambacho Marekani ilikuwa inakipigania. Lakini tusikimbilie kusema kizuizi kisingefaa kitu: kura ya pili ilipigwa baada ya ya kwanza kuonyesha mshindi, na nchi iliyokuwa inasitasita hupiga tofauti inapojua matokeo.

Kura 26 kati ya zile 76 zilitoka Afrika. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zilisema ndiyo. Kongo ya Mobutu ilisema hapana. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizowasilisha rasimu, na balozi wake alikuwa Salim Ahmed Salim, Mzanzibari wa miaka 29. Matokeo yaliposomwa ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na magazeti ya Marekani yaliandika kwa hasira habari za wajumbe wa Tanzania kucheza.

Wengi hueleza kura hizo kwa reli. Ujenzi wa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ulikuwa umeanza mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, na ni kweli kwamba Tanzania na Zambia zote zilikuwa mstari wa mbele. Ila maelezo hayo yanafika mahali yanakwama. Kenya na China zilikuwa zimefukuziana wanadiplomasia mwaka 1967, na Ghana ilikuwa imevunja uhusiano baada ya Nkrumah kupinduliwa. Zote mbili zilipiga ndiyo. Kwangu mimi hoja yenye uzito zaidi ni ile iliyosemwa waziwazi ukumbini: serikali inayotawala mamia ya mamilioni ya watu haiwezi kuendelea kuwakilishwa na mahasimu wake walioko kisiwani. Nchi zilizotoka kudai haki ya kujisemea zenyewe hazikuhitaji reli ili kuielewa.

Beijing haikusahau. Mwaka 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu dhidi ya Kurt Waldheim, aliyetaka kipindi cha tatu. Uteuzi wa Katibu Mkuu hupita Baraza la Usalama, na huko turufu ipo. Marekani ilimpigia Salim turufu duru baada ya duru. China ilimpigia Waldheim mara 16. Wote wawili wakajiweka kando, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Azimio lenyewe, namba 2758, ni fupi mno: linairudishia Jamhuri ya Watu wa China haki zake zote na kuwaondoa "wawakilishi wa Chiang Kai-shek". Neno Taiwan halimo. Leo Beijing inalisoma kwamba lilimaliza suala la Taiwan moja kwa moja; Marekani na baadhi ya washirika wake wanasema liliamua nani anakalia kiti cha China, basi. Kwa maandishi yalivyo, naona usomaji wa pili una nguvu zaidi. Kwa mambo yanavyokwenda, wa kwanza ndio unaoshinda. Nauru ilipohama kutoka Taipei kwenda Beijing Januari 2024 ililitaja azimio hilo, na tangu 2017 Taiwan haialikwi tena hata kuwa mtazamaji katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 2007 Taiwan ilijaribu ule mlango mwingine. Rais wake, Chen Shui-bian, aliandika ombi la kujiunga kama mwanachama mpya, kwa jina la Taiwan. Ofisi ya Umoja wa Mataifa chini ya Katibu Mkuu Ban Ki-moon ililirudisha bila kulifikisha Baraza la Usalama, ikitaja azimio 2758. Na hata kama lingefika huko, kwenye maombi ya wanachama wapya turufu inafanya kazi, na Beijing inayo.