Je, wajua kwa nini maji ya Tanga yalikwenda kutafutiwa fedha sokoni?

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani (hati ya mkopo ambao fedha zake ni za miradi inayojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Yaani aliyeweka milioni moja anapata 135,000 kila mwaka, na mwishoni anarudishiwa milioni yake. Wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa. Lakini bomba la Ngamiani, mtaa wa Tanga, na soko la hisa, wapi na wapi?

Masoko ya fedha kwa sehemu kubwa yamezaliwa na shida za serikali. Venice ilikopa kwa raia wake kugharamia vita, na deni lile likawa bidhaa ya kuuziana. Uingereza nayo, mwaka 1672, mfalme Charles II aliacha kuwalipa waliomkopesha. Baadhi yao wakafilisika. Mwaka 1694 ilipoundwa Benki Kuu ya nchi hiyo ili kumkopesha William III pauni milioni 1.2, watu walitoa fedha upesi, kwa sababu safari hii kodi za kulipia riba zilipitishwa na Bunge. Mfalme hakuweza tena kuamka na kusema silipi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa maji. Mwaka 1648 bodi ya maji ya Uholanzi ilikopa guilder 1,000 kwa ajili ya kingo za mto Lek. Hati yake ni ngozi ya mbuzi, na haina tarehe ya kuisha. Leo iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 2015 chuo kilidai riba ya miaka 12, na warithi wa bodi ile wakalipa: euro 136.20.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1967 benki zilitaifishwa, na mwenye mradi akabaki kuitazama serikali. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998. Saruji Tanga ikaingia 2002.

Hata hivyo serikali haijaondoka. Hatifungani ya Tanga inalipwa kwa mapato ya mamlaka, yaani bili za wateja, na bei ya maji huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa hiyo mwenye hatifungani afuatilie mambo mawili: maji yanayovuja kabla ya kufika kwenye mita, na EWURA inapoitisha wananchi kutoa maoni juu ya bei.