Usugu wa dawa kwa mfupa wenye usaha: si kila tiba ikigonga mwamba ni usugu

Hapa Kisumu mtu akianguka na boda, mguu uvunjike mfupa utokee nje, awekwe chuma, halafu miezi kadhaa baadaye katundu kadogo kwa ngozi kaanze kutoa usaha, utasikia "mwili wake umezoea dawa". Hapana bwana, mwenye anazoea dawa ni bakteria. Usugu ni pale bakteria wamebadilika, dawa iliyokuwa inawamaliza sasa haiwatishi, hata maabara wanaendelea kukua tu dawa ikiwa hapo hapo. Stafilokokasi, bakteria ambaye ndiye anashambulia mifupa zaidi, alionekana amekuwa sugu kwa methisilini huko Uingereza 1961, na hiyo dawa ilikuwa bado mpya.

Lakini kutibiwa usipone ni kitu ingine. Unaweza pata maabara inasema dawa inaua hao bakteria vizuri na mguu bado unatoa usaha, ju dawa inabebwa na damu, na mfupa ukioza kuna kipande kinakufa, damu haifiki, dawa nayo itafikaje? Tena juu ya chuma na huo mfupa mfu bakteria wanajijengea utando wa ute wanajificha ndani, wengine wanaacha kuzaana wanalala tu, na antibayotiki nyingi zinaua bakteria anayekua. Dawa ikiisha wanaamka.

Ndio maana vidonge vya siku 5 vya kemisti vinakausha usaha, wiki chache umerudi, mgonjwa anabadilishiwa vingine, na kila raundi bakteria wanyonge wanakufa, sugu wanabaki. Kwa hivyo tiba kufeli inaweza kuzaa usugu, si lazima usugu uanze.

Tiba yenyewe ni thieta, mfupa mfu ukwanguliwe wote, saa zingine na chuma itolewe, halafu antibayotiki kama wiki 6. Na kipimo kitoke kwa mfupa wenyewe, maana kupangusa usaha wa juu na pamba kunadanganya sana, ngozi iko na bakteria wake hawahusiani na wa ndani.

Watoto wa selimundu, na huku Nyanza na Western tuko nao wengi, wao mara nyingi mfupani huingia salmonela, bakteria mwingine kabisa, so ukimpa fluklox (antibayotiki ya stafilokokasi) peke yake ukidhani ni stafilokokasi mtoto atazidi kuumwa na hakuna usugu wowote hapo, ni dawa ya mdudu mwingine.